Semeni na Mtachoka, Mbwa Wetu wa Mstari

Mjukuu wangu ameleta mbwa hapa Free Area, na tangu juzi nyumba yote inanuka vichwa vya omena, wale dagaa wa ziwa, vikichemka na unga wa mahindi. Mbwa mwenyewe aliokotwa barabarani akiwa mbavu tupu, na hao watu wanaookoa mbwa hawampi mtu hivi hivi. Walikuja kwanza kukagua. Wakaangalia lango, wakaangalia ukuta, wakauliza kama mchana huwa kuna mtu nyumbani. Nikawaambia mimi niko, ama mimi si mtu? Wakacheka, wakaandika. Mjukuu wangu akatia sahihi mara tatu kama anayeoa. Mimi nilikuwa nimekaa kwa kiti changu, lakini yule mbwa alipogeuka nikaona katikati ya mgongo wake kamstari ka manyoya yaliyolala kinyume, kafupi tu, kama kidole. Nikamwita karibu. Hiyo omena ikanipanda puani na nikaona Keringet yote, kule nilikolelewa, ukungu wake na pareto yake, na baba yangu amesimama kwa ua akiita mbwa.

Nisamehe nikiruka hapa na pale. Shule niliacha darasa la tatu, na ninaandika vile ninavyoongea. Wewe wa rika langu utanielewa, kwa sababu wewe pia ulilelewa wakati mtoto alikuwa anaelezwa nusu ya jambo, hiyo nusu nyingine anaitafuta mwenyewe, na mara nyingi anaitafuta pale haipo.

Wazungu wana jina lao refu la wale mbwa. Sisi tuliwaita mbwa wa mstari. Ni mbwa mrefu, rangi ya chai iliyokolea majani, na mgongoni manyoya yake yanaelekea kichwani badala ya mkiani, kama njia ambayo ng'ombe wamepita kwa nyasi. Baba alikuwa amewalisha hao mbwa kwa shamba la mzungu tangu akiwa kijana, siku aliyotoka Maragoli kutafuta kazi. Yule mzungu alipoenda kwao na shamba likagawanywa, Baba alipata kipande chake cha ardhi kama wenzake, na juu yake akapata mbwa jike aliyeitwa Malkia. Majirani walijivunia ardhi. Baba alijivunia ardhi pia, sitamsingizia, lakini mgeni akija alionyeshwa Malkia kwanza, shamba baadaye, tena kama mvua hainyeshi.

Mimi nilidhani huo mstari ulitokana na kupapaswa vibaya. Niliamini kuna mtu wa zamani alikuwa anampapasa Malkia kutoka nyuma kwenda mbele mpaka manyoya yakazoea. Kwa hivyo kila jioni nilichovya vidole kwa mafuta ya kujipaka na nikamlaza manyoya vizuri, kuelekea mkiani. Asubuhi yamesimama tena. Baba alinikuta siku moja, akacheka mpaka akakaa chini. Akaniambia Mungu ndiye alimchana hivyo, na Mungu hakukosea.

Malkia alikufa kwa uzee, chini ya ghala. Mama yangu, ambaye siku zote alisema mbwa ni kazi ya wanaume, siku hiyo hakuwasha moto mpaka saa sita. Tulikaa tu. Ndugu zangu Mose na Eliakimu walichimba kaburi refu kuliko alivyohitaji, dada yangu Rodah akaliwekea mawe. Tulikuwa watu wa mbwa, sisi. Wengine walikuwa watu wa kwaya, wengine watu wa viazi.

Basi ndipo baba mdogo, ambaye alikuwa gadi wa treni ya mizigo, akaleta habari. Karibu na stesheni ya Longonot kulikuwa na nyumba tupu, mwenyewe amerudi kwao ng'ambo, na mbwa wawili wa mstari wamefungwa nyuma ya nyumba, kaka na dada. Mlinzi aliyeachwa alikuwa anawapa chakula siku akikumbuka, na alikuwa ameambiwa mwisho wa mwezi wapigwe risasi. Baba hakuuliza swali. Alichukua koti na blanketi, akashuka Molo kwa miguu, akapanda ile treni ya ndugu yake. Siku ya tatu tukamwona anatoka kwa ukungu, hana blanketi mabegani. Blanketi ilikuwa kwa mbwa mmoja, koti kwa yule mwingine, na Baba mwenyewe anatetemeka na shati, anacheka.

Sasa lazima nikueleze juu ya Guku. Ndivyo tulivyomwita nyanya yetu, mama yake Baba. Alikuwa ameletwa kutoka nyumbani Maragoli kuja kukaa na sisi, na baridi ya Keringet haikumpendeza, wala hakuificha. Alikuwa na meno matatu na maneno mengi. Aliwatazama wale mbwa wawili, vidonda vya kamba shingoni, akasema, "Umbwa aliyeachwa na mtu wake, wewe hujui alifanya nini." Akaingia ndani. Tangu siku hiyo mbwa wakikaribia mlango wake alipiga fimbo chini, na wao wakarudi nyuma.

Majirani nao walikuwa na lao. Wakasema mtu anayesafiri siku tatu kuleta midomo miwili ya kula ugali, huyo ana shibe ama ana wazimu. Baba akajibu kwa njia ya watu wa kwetu, hakugombana na mtu yeyote, alitoa tu majina. Dume akamwita Semeni. Jike akamwita Mtachoka. Na kila jioni alisimama mahali pa juu, pale sauti inafika mashamba matatu, akaita kwa nguvu na kwa furaha, "Semeni. Mtachoka." Mzee Gathogo, aliyepakana na sisi upande wa bonde, alikuwa anajibu kutoka kwake huko chini kwamba hajachoka bado.

Huyo Mzee Gathogo alikuwa rafiki wa Baba, na alikuwa na kondoo wa sufu, wale weupe, walionona. Wengi hapo walikuwa nao. Na kwa sababu ya hao kondoo kulikuwa na sheria kwa mtaa wetu, haikuandikwa mahali lakini kila mtu aliijua. Kondoo akiuawa na mbwa, mbwa anayeshukiwa anapelekwa pale uwanja wa maziwa, panapokusanywa mitungi, anapewa maji ya chumvi kali mbele ya watu mpaka atapike. Sufu ikitoka, kamba ya kunyongwa. Isipotoka, anaenda nyumbani na hakuna mtu anayemtaja tena. Ilikuwa sheria ya haki, mimi bado naona hivyo.

Lakini shida ya Semeni na Mtachoka haikuwa kondoo. Shida ni kwamba walikuwa hawajafika. Mwili ulikuwa kwetu, macho yalikuwa barabarani. Walikula, walinenepa, mstari ukaanza kung'aa, lakini wakimaliza kula wanaenda kukaa pale kwa lango wakitazama upande wa Molo. Ukiwaita wanakuja kama mtu anayeitwa ofisini. Hilo lilimuumiza Baba, na mimi nilimwona akiumia, kwa sababu mtoto wa mwisho huwa chini ya meza na huona mengi.

Siku moja Guku alikuwa anapepeta maharagwe, akasema, si kwangu, ni kwa ungo, "Hao hawajapewa kwapa ya mtu. Ndiyo maana wanatazama njia." Nikamwuliza kwapa ni ya nini. Akaniambia kwao zamani mbwa mgeni alipewa tonge la ugali lililokaa kwapani mwa mwenye nyumba mpaka likashika jasho lake. Akilila, amemla mtu wake, hawezi tena kumsahau. Nikamwuliza kama ni lazima awe mtu mmoja. Akasema nimwache apepete.

Hiyo ndiyo nusu niliyopewa. Hiyo nyingine nikaitafuta.

Kwanza nilijaribu kwapa yangu. Niliweka tonge, nikakaa nalo kutwa nzima nikifanya kazi kwa mkono mmoja, lakini nilipolitoa na kulinusa halikuwa na kitu. Mtoto hana jasho la maana. Tena nikafikiria, mbona wamjue mtu mmoja tu, akifa je? Malkia alituacha, na sisi pia tunaweza kumwacha mtu. Afadhali wajue nyumba yote. Na harufu ya nyumba yote ilikuwa imening'inia kwa kamba ndani ya chumba chetu. Masweta. Mama alikuwa anatufumia mwenyewe kwa nyuzi za sufu, kila mtu na rangi yake ili tusigombane. Kijani ya Baba, nyekundu ya Mama ya kanisani, kijivu ya Mose, manjano ya Eliakimu, buluu ya Rodah, na yangu nyeupe, kwa sababu nyuzi zilikuwa zimebaki kidogo na nyeupe ndiyo iliyotosha mtoto. Nilichukua wembe wa Baba. Nikakata kidogo kidogo, pale kwapani ndani, pale pana chumvi ya mtu. Nikaviringisha na ugali, nikawapa.

Ya Guku sikukata. Alikuwa na shali nyeusi aliyokuja nayo kutoka nyumbani, na hakuivua hata kulala. Tena nitasema ukweli, nilimwogopa.

Nilifanya hivyo kwa wiki kadhaa. Mama alianza kuona matundu. Alisema panya wa Keringet wana akili sana, wanachagua kwapa. Akaweka mtego. Na wale mbwa, usiniambie ni bahati tu, walianza kugeuza shingo. Asubuhi moja Semeni alimfuata Mose mpaka shuleni. Mtachoka alilala miguuni pa Mama wakati anakamua. Baba alikuwa anatembea kifua mbele, akisema ni dawa ya minyoo aliyowapa.

Halafu asubuhi nyingine tukasikia kelele kutoka bondeni. Kondoo wawili wa Mzee Gathogo wamekutwa wameraruliwa, mmoja akiwa na mimba. Kabla Baba hajavaa gambuti, watu walikuwa tayari wanatazama juu kwetu. Mbwa wengine wa mtaa walikuwa wadogo, wa kubwekea kuku. Wetu walikuwa wakubwa, wageni, walioachwa na mtu wao. Nilimsikia Mama akimwambia Baba kwa sauti ya chini kwamba watachukuliwa.

Sasa fikiria kichwa cha mtoto. Nilisikia watachukuliwa, sikusikia sababu. Nikaona dawa ni kuwafunga zaidi na nyumba, ili hata wakipelekwa mbali warudi. Nikakimbilia wembe. Nikakata ya kila mtu, yakiwa bado kwa kamba, vipande virefu kama kidole, nikatengeneza matonge mawili makubwa kuliko siku zote, nikawasukumia mdomoni kwa mikono yangu mwenyewe. Walikuwa wanaramba midomo wakati Baba alikuja na kamba, akawafunga taratibu, akashuka nao kwenda uwanja wa maziwa. Hakungoja kuitwa. Alitaka watu waone kwamba anawaleta mwenyewe.

Nilimfuata. Watu walikuwa wengi, na wa kwetu wote, hata Guku alikuwa ameshuka na fimbo yake, na alikuwa anamwambia mama mmoja hapo kwamba yeye alisema tangu mwanzo. Mzee Gathogo alikuwa na macho mekundu. Alimwambia Baba, bila ubaya, kwamba wanaweza kuacha mambo ya chumvi, mbwa waondolewe tu kimya kimya, warudishwe Longonot, wabaki marafiki. Baba alikuwa amepewa mlango wa kutokea, na mimi leo kama mtu mzima nadhani ningeupita. Yeye akanyoosha mgongo.

"Gathogo," akasema, "hawa wanakula kwangu. Najua kilicho ndani ya tumbo yao. Leta chumvi."

Hapo ndipo nilielewa. Najua kilicho ndani ya tumbo yao. Baba yangu, ambaye hakuwahi kusema uongo hata kwa utani, alikuwa amesimama mbele ya mtaa mzima na kuapa juu ya kitu asichokijua, na aliyekijua alikuwa mimi. Ningeweza kusema wakati huo. Sikusema. Niliomba, nilimwambia Mungu afanye tumbo la mbwa liwe tupu. Watu wawili walishika mdomo wa Semeni, wakamimina. Alipiga chafya, akajikunja, akatapika ugali na maji, na katikati ya ugali kukawa na fundo la manyoya yenye uchafu, limeshikana kama kiota.

Mtachoka naye akatapika bila hata kumaliziwa chumvi, na lake lilikuwa kubwa kuliko la kaka yake. Kulikuwa na mtu mmoja aliyekuja na kamba ya kunyongea tayari begani, watoto wake bado wako hai kwa hivyo simtaji, akaanza kuifungua. Nikamtazama Baba. Sijawahi kumwona mtu akizeeka kwa muda mfupi vile. Alishusha kichwa, akapiga goti, akaweka mkono juu ya mstari wa Mtachoka, akaanza kumpapasa kuelekea kichwani, vile manyoya yalivyolala.

Nikapita katikati ya miguu ya watu. Sikuwa jasiri, ni vile tu sikuweza kuvumilia kuona huo mkono. Nikasema ni mimi. Hawakunisikia, nikasema tena kwamba hiyo si ya kondoo, hiyo ni sisi.

"Ni sisi nani?" Mzee Gathogo akauliza.

"Sisi wa nyumbani. Osheni mtaona."

Mtu mwenye kamba akasema mtoto anatetea umbwa wake, ni kawaida. Lakini Mzee Gathogo alikuwa mtu wa kondoo, na mtu wa kondoo hawezi kuona sufu asiishike. Akaitisha karai ya kuoshea mitungi. Akainama mwenyewe, akachukua hayo mafundo na vidole, akayatikisa kwa maji safi, akamwaga, akatia mengine. Maji ya pili yalipotulia, kukaonekana nyekundu. Halafu kijani. Halafu nyuzi zikafunguka zote, zikaelea pale, na watu wakasogea, wakasogea mpaka nikasukumwa kwa karai.

"Na hii nyeupe?" akasema yule wa kamba.

Niliinua mkono juu kama niko darasani. Upepo ukaingia kwa tundu la kwapa yangu, kubwa la kupitisha ngumi. Mzee Gathogo akachukua ule uzi mweupe, akauviringisha kati ya vidole viwili, akausogeza karibu na jicho. "Huu umesokotwa," akasema. "Bado sijaona kondoo wa kuzaliwa amefumwa." Hapo ndipo watu walicheka, na Mama, ambaye sasa alikuwa ameelewa mambo ya panya, alificha uso na leso. Mose alijikagua kwapa. Eliakimu naye. Rodah hakuhitaji kujikagua, yake ilikuwa imefika mbavuni.

Niliulizwa kwa nini, nikaeleza. Nikaeleza vibaya, na kamasi, mambo ya barabara ya Molo na jasho na Malkia kutuacha. Baba alikuwa bado amepiga goti. Alinivuta na mkono ule mwingine, akaniweka upande wa pili, kwa hivyo tulikuwa mimi na yeye, mbwa katikati.

Nitakueleza yaliyofuata haraka. Baba alisema kama sheria ni sheria, chumvi bado iko, wacha mbwa wote wa mtaa wanywe. Wakanywa. Wa nne kwa foleni akatoa sufu yenyewe, nyeupe na damu, na alikuwa mbwa wa mtu niliyekataa kumtaja, kadogo, ka kubwekea kuku. Mama alinichapa tulipofika nyumbani, viboko sita, kimoja kwa kila sweta, na kesho yake akaanza kuziba. Tulitembea na viraka vya kwapa mwaka mzima, na sisi tuliinua mikono kanisani wakati wa kusifu kuliko watu wote. Mtachoka alizaa mara tatu. Mzee Gathogo alichukua dume wa kwanza, akalinda naye kondoo. Kutoka hapo mpaka Elburgon ungekuta mbwa wa mstari kwa nyumba za watu wa kawaida, na watu wakiuliza wametoka wapi, waliambiwa ni wa kwetu. Mjukuu wangu anadhani yeye ndiye wa kwanza kuleta mbwa aliyeachwa kwa hii familia.

Lakini nimeruka jambo moja. Turudi kwa ile karai, kabla ya chumvi ya mbwa wengine, watu bado wanacheka.

Mzee Gathogo alikuwa anafurahi sasa, alikuwa amepata la kusimulia. Alianza kuhesabu nyuzi kwa sauti ili walio nyuma wasikie, akizitenga na kidole, ya Baba, ya Mama, mpaka yangu. Akasema nyumba nzima imo humu, watu sita. Ndipo tukasikia fimbo. Watu wakapisha. Guku akaja mpaka kwa karai, akainama, akatazama ndani. Akageuka kwangu.

"Na mimi?" akasema.

Nikamwambia niliogopa.

Alinitazama kama ameumwa mahali. Halafu akaketi pale chini kwa matope, mwanamke wa umri ule, akavuta pembe ya shali yake nyeusi kutoka chini ya mkono. Mtu mmoja akamnyooshea kisu, hakukichukua. Akaitia mdomoni, akaitafuna na yale meno matatu, akaikata, ikamchukua muda. Akaitupa kwa maji juu ya nyuzi zetu.

"Gathogo," akamwambia, "hesabu tena."

Akahesabu tena, kwa heshima, uzi mmoja mmoja. Tulikuwa saba.